Kabla ya kutafuta lijamu kali, pima mdomo wa farasi

Farasi wengi wanaopandwa Uganda hawakuzaliwa hapa. Mara nyingi wametoka Kenya, wakapitia mpaka wa Malaba au Busia kwenye lori, na baadhi yao walikuwa farasi wa mbio kabla ya kuuzwa wawe wa matembezi. Farasi anashuka na hatamu ya muuzaji kichwani, na hakuna anayeuliza kama inamtosha. Akiuzwa tena, hatamu ile inabaki kwa mwenye zizi, yeye anavishwa iliyokutwa imetundikwa msumarini. Baada ya miezi michache yanaanza maneno: huyu mkaidi, anarusha kichwa, anavuta mikono ya mpandaji, atafutiwe lijamu kali.

Msimamo wangu ni huu: usibadili aina ya lijamu kabla hujajua saizi. Lijamu kali yenye saizi mbaya inazidisha maumivu yaleyale yaliyomfanya farasi arushe kichwa, na aghalabu kosa lenyewe halizidi milimita 10. Saizi nayo si namba moja. Kuna upana, kuna unene, na kuna mahali chuma kinaponing'inia mdomoni. Duka likikuuliza "inchi ngapi?" limekuuliza theluthi moja tu ya swali.

Katika makala hii lijamu ni chuma cha mdomoni pamoja na pete zake. Hatamu ni mikanda inayokishika na ile ya kuongozea.

Chuma kinakaa wapi

Inua mdomo wa farasi pembeni. Mbele kuna meno ya kukatia majani, nyuma kuna magego, na katikati kuna pengo. Lijamu inakaa kwenye pengo hilo. Pitisha kidole gumba kwenye ufizi wa chini: ni ngozi nyembamba iliyolala moja kwa moja juu ya mfupa. Kwa farasi mmoja utakuta mfupa wa mviringo, kwa mwingine ukingo mkali unaousikia waziwazi. Mwenye ukingo mkali huumizwa haraka na chuma chembamba.

Kati ya ufizi wa kulia na wa kushoto kuna ulimi, na juu yake kaakaa. Wapandaji wengi hudhani chuma kinaingia kwenye uwazi. Mdomo wa farasi ukifungwa hauna uwazi wa maana, ulimi umeujaza. Chuma kinapata nafasi kwa kuukandamiza ulimi. Kumbuka hilo tukifika kwenye unene, kwa sababu ndipo watu wenye huruma hukosea.

Madume, hata waliohasiwa, huota chonge wakiwa na miaka 4 hadi 5. Majike wengi hawana, au wanazo ndogo. Chonge ya chini imekaa mbele kidogo kuliko ya juu, na lijamu iliyoning'inizwa chini mno huigonga. Huko juu, mbele kabisa ya gego la kwanza, baadhi ya farasi wana kijino kidogo kisicho na kazi yoyote. Wakati mwingine kimefichika chini ya ufizi, unakisikia kama kokoto. Chuma kikikigusa farasi hushtuka ghafla, hasa unapovuta mkanda wa upande mmoja. Kijino hicho hung'olewa na daktari wa mifugo, wala hakuna saizi ya lijamu itakayokitibu. Ndiyo maana kidole kinatangulia, rula inafuata.

Kupima upana

Utahitaji uzi wa katani au kamba laini isiyovutika, urefu wa sentimita 50, kalamu ya wino, na rula yenye milimita. Kijiti laini cha mbao chenye unene wa sentimita 1 na urefu wa 25 kinatoa jibu sahihi zaidi, kwa kuwa hakipindi juu ya ulimi. Hata hivyo kwa farasi asiyetulia uzi ni salama zaidi. Mpira unavutika, haufai. Waya usiutumie kabisa.

Saisi, yaani mtunza farasi, amshike farasi kwa kamba ya kichwani bila kumfunga kwenye nguzo. Farasi aliyefungwa, mwenye kitu kigeni mdomoni, akirudi nyuma kwa nguvu ataumia yeye na atakuumiza na wewe. Piga fundo ncha moja ya uzi. Simama upande wa kushoto, ingiza kidole gumba kwenye pembe ya mdomo palipo na pengo, naye ataachama. Pitisha uzi juu ya ulimi hadi upande wa pili. Msaidizi ashike fundo liguse ngozi ya nje ya mdomo wa kulia, asilivute likazama ndani. Nyoosha uzi mpaka usilegee, kisha tia alama pale unapotokeza kwenye mdomo wa kushoto.

Uzi ukae juu kabisa kwenye pembe za mdomo, pale chuma kitakapokaa. Ukipima mbele karibu na pua utapata namba ya mahali pengine. Ukiukaza hadi midomo ikakunjamana, kipimo kitakuwa kifupi. Ukiacha ulegee juu ya ulimi, kitakuwa kirefu, na kosa hili la pili ndilo la kila siku. Rudia mara 3, uchukue namba ya katikati. Tofauti ikizidi milimita 5, uzi ulihama, anza upya.

Sasa pima lijamu yenyewe, usiiamini namba iliyogongwa juu yake. Ilaze mezani, inyooshe kabisa kama ina vifundo (maungio ya katikati), kisha pima urefu wa chuma cha mdomoni kutoka upande wa ndani wa pete moja hadi upande wa ndani wa pete ya pili. Pete zenyewe hazihesabiwi. Anayepima kutoka ukingo wa nje wa pete hadi ukingo wa nje atadhani ana lijamu kubwa, kumbe ni ya poni. Anayepima ya kifundo kimoja ikiwa imepinda atakosea kinyume chake.

Mkoba mmoja wa lijamu za mitumba unaweza kuwa na za Uingereza zenye inchi na za Ujerumani zenye milimita, na wauzaji hukadiria wanapobadilisha. Inchi 4 na nusu ni milimita 114.3, huuzwa kama 115. Inchi 4 na robo tatu huandikwa 120. Inchi 5 ni 127 kamili lakini sokoni huitwa 125. Inchi 5 na robo ni 133, huitwa 135. Inchi 5 na nusu ni 140, na inchi 6 ni kama 152, huuzwa kama 150. Kati ya ile ya "125" na ile ya "inchi 5" kuna milimita 2. Kwa pete huru si neno, kwa pete zilizoshikana unaweza kuzisikia.

Aina ya pete ndiyo inayoamua uongeze kiasi gani juu ya kipimo cha mdomo. Pete huru, zinazozunguka ndani ya tundu la chuma, zinahitaji nafasi ya milimita 3 hadi 5 kila upande, kwa sababu zinapozunguka zinaweza kuubana mdomo kwenye tundu. Pete zilizoshikana na chuma, zikiwemo zile za umbo la herufi D, hazibani namna hiyo, hivyo milimita 1 hadi 3 kila upande zinatosha. Lijamu za mashavu marefu (vyuma virefu vya pembeni) zenye mnyororo chini ya kidevu zinakaa karibu zaidi, zikigusa mdomo bila kuusukuma ndani. Hizo zikipwaya, mashavu yake yanainama na mnyororo unapinda.

Chukua mdomo wa milimita 124. Kwa pete zilizoshikana hesabu inakupeleka kati ya 126 na 130, kwa hiyo ya inchi 5 kamili, yaani 127, inafaa. Chuma hakichungulii nje sana na hakibani. Ukitaka pete huru, hesabu inakupeleka kati ya 130 na 134, kwa hiyo tafuta 130 ukiipata, la sivyo ya inchi 5 na robo (133, inayoitwa 135) itafaa. Farasi yuleyule, saizi mbili tofauti, zote sahihi. Ndiyo maana kumpigia simu rafiki wa Jinja na kumwambia "wangu anavaa 135, wako anafanana naye" hakusaidii kitu kama hamjataja pete.

Kwa jumla, poni huangukia milimita 100 hadi 115, farasi wa Kiarabu 115 hadi 125, farasi wa mbio 125 hadi 135, na wale wakubwa wa Ulaya 135 hadi 145. Namba hizi ni za kujua uanzie wapi dukani, si za kununulia. Farasi mrefu anaweza kuwa na pua nyembamba, na poni mnene akawa na mdomo wa farasi mzima.

Unene, na huruma inayoumiza

Unene hupimwa kwa kalipa ya fundi mashine, sentimita 2 hivi kutoka kwenye tundu la pete, kwa kuwa sehemu hiyo ndiyo inayolala juu ya ufizi. Katikati, karibu na kifundo, chuma kwa kawaida ni chembamba zaidi, usipime hapo. Sokoni utakuta kuanzia milimita 10 hadi zaidi ya 20.

Mafundisho ya zamani yanasema chuma kinene ni laini na chembamba ni kikali. Kwa upande wa ufizi ni kweli: uzito uleule ukigawanywa juu ya eneo kubwa, kila sehemu inabeba kidogo. Lakini ulimi umeshaujaza mdomo. Ukiingiza chuma cha milimita 20 kwenye mdomo mdogo, farasi hawezi kuufunga vizuri, ulimi unabanwa hata hatamu zikiwa zimelegea, na kumeza mate kunakuwa kazi. Mwenye huruma anaona farasi anaachama, anamfungia mkanda wa pua aache kuachama, na hapo amemfungia na maumivu ndani.

Pima nafasi kwa vidole. Ingiza kidole cha shahada na cha kati kwenye pengo, kimoja juu ya kingine, halafu acha mdomo ufunge taratibu. Vidole vikikaa bila kubanwa, nafasi ipo. Kidole cha juu kikisukumwa kwenye kaakaa hadi ukasikia mbano, mdomo huo hautaki chuma kinene. Tazama pia ulimi: ukifunua mdomo pembeni na ulimi ukawa unafurika juu ya ufizi na kuonekana kati ya meno, huo ni ulimi mnene. Farasi wa Kiarabu na wa mbio mara nyingi wako hivyo, midomo myembamba, ulimi mnene, kaakaa lililo chini.

Kwa farasi wa kawaida wa kupandwa, milimita 14 ni pa kuanzia, na 16 kwa mwenye nafasi. Poni 10 hadi 12. Zaidi ya 18 nisingeinunua kabla vidole havijathibitisha. Chini ya 10 ni silaha mikononi mwa mwanafunzi.

Vifundo navyo vinaingia katika hesabu hii. Lijamu ya kifundo kimoja ikivutwa pande zote mbili hukunjana, kifundo kikainuka kuelekea kaakaa. Ikiwa na upana sahihi, kunakuwa na kiasi. Ikiwa pana mno, kila upande wa chuma ni mrefu kupita kiasi, pembe ya mkunjo inakuwa kali, na kifundo kinafika kaakaani. Yenye vifundo viwili na kipande kidogo katikati hulala juu ya ulimi kwa utulivu zaidi, na farasi wengi wenye kaakaa la chini huipokea vizuri. Hakikisha tu kipande cha katikati ni cha mviringo kama punje ya haragwe. Kuna aina nyingine ambayo kipande hicho ni bapa na kimewekwa kwa pembe ili ukingo wake uukandamize ulimi. Zinafanana ukizitazama haraka mkobani, kazi yake ni tofauti kabisa.

Iningʼinie wapi

Watu wamefundishwa kuhesabu mikunjo kwenye pembe ya mdomo: mmoja, miwili, wengine hata mitatu. Mikunjo inategemea midomo. Farasi mwenye midomo minene hukunja mapema, mwenye myembamba hakunji hadi umeshamvuta. Anza chini: rekebisha mikanda ya mashavu mpaka chuma kiguse pembe za mdomo, kisha panda tundu moja. Kwa lijamu yenye vifundo mkunjo mmoja mdogo unatosha. Kwa ya chuma kimoja kilichonyooka, au ya mashavu marefu, kugusa tu bila mkunjo.

Kwa dume, fungua mdomo uone chonge ya chini iko wapi. Kati yake na chuma uache angalau upana wa kidole. Upande wa nyuma, chuma kikipandishwa mno, pembe za mdomo husukumwa dhidi ya magego ya kwanza, na kidonda hutokea kwa ndani usipokiona.

Tundu za mikanda ya kulia na kushoto zinaweza kulingana kwa idadi na bado lijamu ikakaa upande. Ngozi huvutika, hasa ikiloa mvua ya Aprili na kukauka juani. Vua mikanda miwili ya mashavu, ilaze sambamba mezani, linganisha tundu kwa tundu. Nimependelea fundi viatu kwa kazi hii kuliko kisu cha zizini: tundu la nusu, katikati ya tundu mbili zilizopo, lililotobolewa kwa toboo la mviringo, halichaniki. La kisu huchanika, na huchanika ukiwa juu ya farasi.

Ukishamvisha, vuta pete zote mbili polepole kwenda nje mpaka chuma kinyooke mdomoni, uangalie. Kwa pete huru, kati ya mdomo na pete kuwe na nafasi, lakini penseli isipite kirahisi. Kisha vuta pete ya kulia pekee. Pete ya kushoto ikiingia mdomoni au ikiukunja shavu, ama lijamu ni fupi, ama pete ni ndogo. Pete za milimita 55 ni za poni. Kwa farasi mzima tafuta 65 hadi 75.

Farasi anavyosema

Lijamu nyembamba kwa upana huacha alama nje. Tazama ngozi nyeti ya pembe za mdomo baada ya saa moja ya kupandwa: wekundu, manyoya yaliyosuguliwa, mstari wa pete kwenye shavu. Kwenye hali ya hewa yetu kidonda hicho huvuta nzi ndani ya saa chache, na kidonda kidogo cha Jumatatu kinakuwa kikubwa kufikia Ijumaa. Pana mno huacha alama ndani: doa la bluu au jeraha kwenye ufizi wa upande mmoja, au kaakaa lililochubuka. Utaona pia pete moja imetokeza nje sana na nyingine imebana, kwa sababu chuma kimeteleza kwenda upande wa mkono mzito wa mpandaji. Farasi huanza kuinamisha kichwa upande mmoja, akageuka vizuri kulia na vibaya kushoto. Mwalimu anamlaumu mwanafunzi, mwanafunzi anamlaumu farasi.

Kutoa ulimi juu ya chuma kwa kawaida ni malalamiko ya unene au ya chuma kilichoning'inia chini. Kusaga meno na kuachama kunaweza kuwa unene, kunaweza kuwa magego yenye kingo kali. Kurusha kichwa kuna sababu nyingi, lakini wakati wake unasema mengi. Akirusha mara tu mpandaji anapokusanya hatamu, anza na mdomo. Akirusha unapokaza mkanda wa tandiko, mdomo hauna hatia. Akirusha hata akiwa peke yake malishoni, ni nzi, sikio au jino.

Damu, hata tone moja kwenye povu, inamaanisha lijamu inatoka sasa hivi. Mdomo uliochubuka upumzishwe kabisa. Aongozwe kwa kamba ya kichwani hadi ngozi ifunge. Osha kwa maji yaliyochemshwa yakapoa, kijiko kimoja cha chai cha chumvi katika nusu lita, mara mbili kwa siku, kisha paka Vaseline kwenye pembe za mdomo. Jeraha la ufizi lisilopona, lenye harufu, au linaloonyesha mfupa ni la daktari. Huo mfupa una ngozi kidogo mno juu yake, na kipande chake kinaweza kufa na kujitenga.

Mambo ya zizini

Kwenye mazizi ya matembezi, kama yale ya kando ya Nile huko Jinja au ya eneo la Ziwa Mburo, farasi mmoja hubeba wageni wengi kwa wiki, na wengi hawajawahi kushika hatamu. Mgeni akipoteza mizani hujishikilia kwenye hatamu. Hakuna saizi itakayomkinga farasi na hilo. Kwa mgeni wa mara ya kwanza anayeongozwa na saisi, hatamu zifungwe kwenye pete za kamba ya kichwani, lijamu ivaliwe bila kazi au isivaliwe kabisa. Wanaojali farasi wao hufanya hivyo bila kutangaza.

Lijamu za kushirikiana ndizo adui mkubwa kuliko aina yoyote ya chuma. Ukiwa na farasi sita na hatamu nne, saisi atavisha iliyo karibu, na hana kosa. Funga kibati au kipande cha ngozi chenye jina la farasi kwenye kila hatamu. Pesa zikiwa kidogo, nunua lijamu kwa kila farasi kwanza na uache mikanda ishirikiane. Ngozi inarekebishika kwa tundu, chuma hakirekebishiki.

Ikiwa ni pana kwa milimita 5 hadi 10 na huna nyingine, duara za mpira pande zote mbili hupunguza pengo na kuzuia pete isibane. Zinakatwa kwenye tyubu safi ya gari: kipenyo cha sentimita 8 hadi 9, tundu la katikati sentimita 2 ili liweze kuvutwa na kupitishwa juu ya pete. Kumbuka kinyume chake pia: ukizivisha kwenye lijamu iliyokuwa sawasawa, umeifupisha kwa unene wa mipira miwili. Ikiwa ni fupi, hakuna dawa. Itafutie poni itakayemfaa.

Mafundi wa Katwe, Kampala, wanaweza kukuchomea karibu chochote, lijamu ikiwemo, na wengine wana mkono mzuri. Hatari iko kwenye maungio. Chukua soksi kuukuu ya nailoni, ivute polepole juu ya chuma chote, kwenye kifundo, na ndani ya tundu za pete. Ikinasa nyuzi popote, mdomo nao utanaswa hapo. Jaribio hilohilo lifanyiwe lijamu kuukuu: tundu za pete huru huliwa na msuguano hadi zikawa za umbo la yai, na ukingo wake unakuwa wembe. Iliyopakwa nikeli juu ya chuma cha kawaida hubabuka magamba, ikianza, itupe. Chuma kisichoshika kutu ndicho cha kawaida na kinatosha. Chuma kitupu kinachoshika kutu farasi wengi hukipenda, na kutu ile nyembamba haimdhuru, ila mabonde ya kutu yatakwaruza. Chenye shaba kinafaa ila ni laini, huliwa haraka. Mpira hutafunwa, ukague kila siku. Alumini hukausha mdomo, iache.

Farasi chini ya miaka 5 bado anabadilisha meno na taya linakua, kwa hiyo mpime upya kila baada ya miezi 6. Aliyekomaa mara moja kwa mwaka inatosha, na kila anapotoka kusawazishwa magego, kwa kuwa baada ya hapo chuma alichokuwa akikichukia anaweza kukikubali. Weka daftari moja kwenye chumba cha matandiko, kila farasi na mstari wake: kipimo cha mdomo, upana wa lijamu, aina ya pete, idadi ya vifundo, unene, tundu la mkanda kulia na kushoto, na tarehe. Farasi akiuzwa, mpe mnunuzi nakala ya mstari huo, hata kama humpi lijamu.